Sauti ya Pili

1

Panya walimkataa Meja Kisinza saa tatu asubuhi, mbele ya kijiji kizima.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, mikono imefungwa pingu, askari magereza wawili nyuma yake. Mbele yake, juu ya meza ya kukunja, palikuwa na sanduku la chuma lenye kipaza sauti. Nyaya nne zilitoka kwenye sanduku hilo na kwenda kwenye vyuma virefu vilivyochomekwa ardhini. Chochote kilichosemwa pale juu kilishuka kwa vile vyuma hadi chini ya udongo, na huko chini kulikuwa na masikio zaidi ya mia tatu yakisubiri.

"Nane, mbili, tano," sanduku likasema. Ndivyo panya walivyouliza. Kila mara walitoa tarakimu mpya, ili mtu asije akawadanganya kwa sauti iliyorekodiwa.

"Nane, mbili, tano," Meja akajibu. "Panya wote, juu. Laleni chali."

Taa ikawaka nyekundu.

"Sauti ya kwanza inatambulika. Msemaji si huru. Amri imekataliwa. Zimebaki nafasi mbili."

Watu wakaguna. Bwana Luhende, mkuu wa kikosi cha kutegua mabomu, akavua kofia yake na kujifuta jasho kwa kiganja.

"Mfungueni pingu," akawaambia askari.

"Haitasaidia," alisema Meja. Hakuwa akibeza, alisema kama fundi anayeeleza ubovu wa injini. "Jumatatu mnanipeleka mahakamani. Mkinifungua mikono, Jumatatu itaondoka? Waliowatengeneza panya hawa walijua kwamba afisa anaweza kutekwa na kuwekewa bastola kichwani. Ndiyo maana hawasikilizi sauti tu. Wanasikiliza kilichomo ndani yake."

"Na zikiisha hizo mbili?" aliuliza Senga, mwenyekiti wa kijiji cha Itunya.

"Wanafunga masikio. Hawatamsikia mtu yeyote tena."

Kila mmoja akatazama juu. Upande wa milimani wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabega ya mlima, zito, rangi ya mkaa. Kwa miaka mitatu tangu watu wa Itunya warudi kutoka kambi ya wakimbizi hapakuwahi kunyesha mvua ya maana, na ardhi iliyokauka ikawa imewabana panya palepale walipozikwa wakati wa vita. Kila panya alikuwa bomu lenye upana wa sahani, miguu sita, na baruti ya kutosha kumtoa mtu miguu yote miwili. Udongo ukilainika wangetembea. Walitengenezwa wafuate mishindo ya nyayo, na siku hizi nyayo nyingi zilikuwa kijijini: kwenye bomba la maji, kwenye zahanati, kwenye uwanja wa shule.

"Kuna njia moja," Meja akasema. Aliwatazama watu wote, kisha macho yake yakamwangukia mwanamke mrefu aliyekuwa amechutama kando ya vile vyuma, akiwa na aproni nzito ya kujikinga na milipuko. "Nataka kuzungumza na Koplo Sikitu. Peke yetu."

Sikitu Malembeka hakuwa ameitwa koplo tangu vita viishe, miaka sita sasa. Minne kati ya hiyo aliitumia kuchimbua mabomu kwa mikono yake, bonde baada ya bonde. Kikosini wote walijua kuwa zamani alikuwa mpiga redio wa Meja Kisinza. Ndiyo sababu jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya mashahidi wa Jumatatu.

"Dada Sikitu," Luhende alisema kwa sauti ya chini, "si lazima."

Sikitu alisimama, akakung'uta udongo magotini. "Nitamsikiliza."

2

Ndani ya hema la vifaa, Meja alikaa juu ya kreti. Askari walisimama nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Kovu lililopita kooni, kutoka sikioni hadi kwenye mtulinga, lilikuwa limegeuka jeupe.

"Umekonda, Koplo."

"Sema ulichoniitia, afande."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalizuia, akajichukia.

"Nimesoma maelezo uliyowapa wapelelezi," Meja alisema. "Umesema siku ile ulinisikia nikitoa amri ya kuwaamsha panya kwenye njia ya mtoni. Ulinisikia kwa sikio gani? Siku ile nilikuwa na bandeji shingo nzima."

Nje, mtu alikuwa akiita mbuzi.

Ilikuwa kweli. Mwezi wa mwisho wa vita, kipande cha kombora kilimkata Meja kooni, na kwa siku kumi na moja hakuweza kutoa sauti. Kanuni zilimruhusu kamanda aliyejeruhiwa kuwafundisha panya sauti nyingine. Alimchagua mpiga redio wake kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Sikitu alikaa handakini saa nzima akiwasomea panya tarakimu, mpaka sanduku likasema wameikubali sauti ya pili. Tangu siku hiyo Meja aliandika amri kwenye karatasi, naye akazisema. Daftari lililoonyesha hayo liliungua pamoja na kambi. Watu watatu waliojua walikufa wiki ya mwisho.

"Hawa walioko chini wanaijua sauti yako kama wanavyoijua yangu," Meja akaendelea. "Umekaa nao bonde hili wiki tano, unawachimbua mmoja mmoja kwa kijiko, na siku zote ungeweza kuwaita. Sikulaumu. Najua kwa nini hukuwaita. Sanduku linaandika kila sauti iliyokubaliwa, na ukishasikika, kila mtu atajua ni nani aliyesema siku ile."

"Unataka nini?"

"Jumatatu sema hukumbuki. Nami nitasema sikumbuki. Bila maelezo yako hawana kesi. Nipe neno lako hapa, nitatoka nje nikiwa na moyo mwepesi, na panya watanisikia. Saa sita mchana shamba hili litakuwa safi. Wewe utabaki kuwa dada anayeokoa watu. Mimi nitakwenda kufuga nyuki kwa shemeji yangu."

"Na wanakijiji waliokufa kwenye njia ya mtoni?"

"Wamekufa, Koplo. Hawa wa nje wako hai, na mvua inakuja."

Kilichomuuma Sikitu ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Tangu alfajiri alikuwa akijiambia jambo lilelile.

"Uliandika kwamba adui alikuwa nyuma yao," alisema.

"Hiyo ndiyo taarifa niliyopewa."

"Nami nikakuambia nasikia watoto."

Meja aliinamisha kichwa, akatazama pingu zake. Panya walikuwa na masikio, na mpiga redio alivaa vibomba vya sauti masikioni. Kila kilichopita juu yao alikisikia. Wote wawili walijua hilo, na hapakuwa na haja ya kulieleza.

"Uliniambia," alisema hatimaye. "Nikaandika nini?"

"Rudia amri."

"Ukarudia." Aliinua macho. Hayakuwa na ukatili, na hilo Sikitu aliliona baya zaidi. "Tuko kwenye karatasi moja, wewe na mimi. Usijidanganye kwamba unaweza kuichana nusu."

3

Sikitu alipotoka nje, tone la kwanza lilimwangukia mkononi. Luhende alikuwa ameinamia kioo cha sanduku, ambapo kila panya alionekana kama nukta ndogo ya njano. Nukta zote zilikuwa zimetulia.

"Anasemaje?"

"Anataka niseme uongo mahakamani. Ndipo atakuwa mtulivu."

Luhende alivuta pumzi. "Na wewe unasemaje?"

Sikitu alimpita, akaenda mezani. Akilini mwake alikuwa ameona kinjia chembamba kati ya mambo mawili, akakikimbilia.

"Ngoja nijaribu mimi," alisema. "Nilikuwa mpiga redio. Huenda wanaikumbuka sauti yangu kidogo."

"Kidogo?" Luhende alimkazia macho. "Zimebaki mbili, Dada Sikitu."

"Naomba."

Luhende alimwamini. Akampisha.

Sikitu akabonyeza swichi. Watu wa Itunya walisogea karibu, wengine wamejifunika vichwa kwa khanga na mifuko. Mbele yao wote alisimama Mama Yunge, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa akipika kambini kwa kikosi. Kila asubuhi kwa wiki tano alikuwa akimpa Sikitu uji, na kila asubuhi alimwambia, "Kunywa, mwanangu, kazi yako si ya tumbo tupu." Wanawe wawili walikufa kwenye njia ya mtoni.

"Tatu, sifuri, saba," sanduku likauliza.

"Tatu, sifuri, saba." Sikitu alisikia sauti yake ikipanda mwishoni. "Panya wote, juu. Laleni chali."

Nyekundu.

"Sauti ya pili inatambulika. Msemaji ana hofu. Amri imekataliwa. Imebaki moja."

Mvua sasa ilikuwa ikipiga kwenye turubai la hema, tone moja moja, kubwa kubwa.

"Sauti ya pili ni nini?" aliuliza Mama Yunge.

Kabla Sikitu hajafungua mdomo, Luhende alipaza sauti: "Kila mtu asimame alipo! Msiinue mguu!"

Kwenye kioo, nukta moja ilikuwa imeanza kutembea. Ikafuatiwa na ya pili, kisha nne kwa pamoja. Walikuwa wale wa ukingo wa chini wa shamba, ambako maji yaliteremkia kwanza. Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama mahali pamoja, na panya walikuwa wamewasikia.

"Wanakuja huku?" Senga aliuliza.

"Taratibu. Mita kumi kwa dakika, labda. Mkikimbia watawafuata kwa kasi. Simameni."

Mama mmoja alimbeba mwanawe begani polepole sana. Wengine walishikana mikono. Kutoka mlangoni mwa hema, Meja Kisinza akaita:

"Nileteni mezani! Imebaki moja, msiichezee. Koplo, nipe neno lako mbele ya watu hawa, nami nitawaita sasa hivi. Mimi sauti yangu haitetemeki nikishapata ninachotaka. Yako umeisikia."

"Mpe!" alisema Senga. "Binti, chochote anachotaka, mpe! Tuna watoto hapa."

Sikitu alitazama kioo. Mita arobaini. Alijua Meja hadanganyi, angeweza kuwaita. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe, kwa hali aliyokuwa nayo, angekataliwa tena, na baada ya hapo bonde lote lingekuwa la panya mpaka dunia iishe. Jambo la busara lilikuwa kusema ndiyo, neno moja tu. Kisha akamwona Mama Yunge bado anamtazama, anasubiri jibu la swali lake, kana kwamba mvua, panya na Meja vilikuwa mambo ya watu wengine.

"Sauti ya pili ni mtu aliyeruhusiwa kuwaamrisha," Sikitu akasema. "Meja alikuwa ameumia koo. Hakuweza kusema. Siku ile aliandika kwenye karatasi, nami nikasema."

"Koplo!" Meja akapiga kelele. "Nyamaza!"

"Niliwaambia wapelelezi kwamba nilimsikia akiamuru. Nilidanganya. Yeye aliandika. Aliyesema ni mimi. Panya waliokuwa njiani waliamka kwa sauti yangu."

Uso wa Mama Yunge haukubadilika. Mkono wake tu uliinuka, ukashika fundo la khanga kifuani, ukabaki hapo.

"Ulijua ni akina nani?"

"Nilijua. Nilisikia kuwa kuna watoto, nikamwambia. Akaandika nirudie amri. Nikarudia." Mvua ilimwingia machoni, hakujifuta. "Nilikuwa na bunduki, nilikuwa na miguu. Ningeweza kuvua vile vibomba na kutoka handakini. Nilimwogopa, lakini mtu mwingine aliyemwogopa angetoka. Mimi sikutoka."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Mwingine alitukana, tusi zito, la wazi. Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Mita ishirini na tano," Luhende alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Mama," Sikitu akasema, "imebaki nafasi moja. Meja anaweza kuwaita, kama nitanyamaza Jumatatu. Atawaita vizuri, nina hakika. Mimi naweza kujaribu, na sina hakika. Sitaki kuamua peke yangu tena juu ya maisha yenu. Nani azungumze?"

"Usimuulize yeye peke yake!" Senga alisema. "Hata sisi tumo! Afande na azungumze, mahakama tutaijua baadaye!"

"Nami wangu alikufa palepale, Senga," mzee mmoja wa kiume akamjibu. "Mwache aseme."

Mama Yunge aligeuka kidogo, bila kuinua mguu, akamtazama Meja pale mlangoni. Kisha akamrudia Sikitu.

"Wewe ndiye uliyewatuma," alisema. "Waite."

4

Sikitu aliinama kwenye kipaza sauti. Alitarajia kutetemeka. Alisubiri mtetemo ule wa miaka sita, ule uliokuwa ukimshika kila mtu alipomuuliza alikuwa wapi wakati wa vita, kila barua ya mahakama ilipofika, kila alipopokea kikombe cha uji. Haukuja. Aliona huzuni, nzito kama udongo uliolowa, lakini huzuni haikuwa hofu. Hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumficha jambo.

Akabonyeza swichi.

"Moja, sita, nne," panya wakauliza.

"Moja, sita, nne. Panya wote, juu. Laleni chali. Vita vimekwisha."

Maneno ya mwisho hayakuwa sehemu ya amri. Yalimtoka tu.

Taa haikuwaka nyekundu wala kijani. Ilikaa bila rangi, na Luhende akafumba macho.

"Sauti ya pili inatambulika," sanduku likasema. "Msemaji yu huru. Amri imekubaliwa."

Mwanzoni hapakutokea kitu. Kisha, hatua tano kutoka alipokuwa mzee yule wa kiume, udongo uliinuka kama chapati inayopata moto, ukapasuka, na miguu sita myembamba ikachomoza. Panya akajivuta juu, akayumba, akajigeuza. Alilala chali, miguu imekunjwa, tumbo lake la shaba likipokea mvua. Mwingine akatokea nyuma yake. Kisha shamba zima likaanza kuchemka, kuanzia ukingoni hadi kwenye miti ya mbali: wengine wamekula kutu, wengine wapya kama wametoka kiwandani jana, wote wakipanda, wote wakijigeuza.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walisimama wakilowa na kuangalia vitu vilivyokuwa chini ya miguu yao miaka yote hiyo.

Luhende aliwatuma vijana wa kikosi wakaanze kuchomoa fyuzi. Alipomaliza alimwendea Sikitu, na hakumwita dada.

"Sanduku limeandika kila kitu," alisema.

"Najua. Wapigie simu wapelelezi. Nitabadilisha maelezo yangu."

"Watakushtaki."

"Najua."

Luhende akarudi kwa vijana wake. Askari walimpitisha Meja kuelekea garini. Alipofika usawa wa meza alisimama.

"Tungekuwa huru wote wawili," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Nao wangepata shamba lao vilevile. Umepata nini?"

Sikitu alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Askari mmoja alimwonyesha gari kwa kidevu, si kwa ukali, naye akaanza kutembea.

"Ngoja."

Mama Yunge alikuwa amekuja nyuma yake. Nywele zilikuwa zimemlalia usoni kwa mvua. Hakumwita mwanangu. Alisimama mbali, umbali ambao mtu humwekea mgeni asiyemjua.

"Umesema ulikuwa unawasikia."

"Ndiyo, mama."

"Wote?"

"Waliopita karibu na panya. Sauti ziliingia moja moja."

"Kulikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wake, wa kiume. Mtoto alikuwa na kithembe. Hawezi kusema *s*."

Katika maelezo yote ambayo Sikitu aliwahi kutoa, kwa wapelelezi, kwa wakubwa wake, kwake mwenyewe katika miaka sita, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Niliwasikia," alisema.

"Walisema nini?"

"Mama, sijui kama—"

"Sijakuuliza kama utaniumiza. Nimeuliza walisema nini."

Askari aliyekuwa garini aliwasha injini, kisha akaizima. Sikitu alisimama wima. Alisema polepole, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee cha mama huyu alichokuwa nacho cha kurudisha.

"Mtoto alisema kiatu kinamuuma. Alisema, 'Dada, thiwezi.' Binti akasema, 'Panda mgongoni.' Mtoto akasema, 'Utachoka.' Binti akacheka. Akasema, 'Wewe si mzito, umejaa maneno tu.' Halafu nikasikia hatua za mtu mmoja badala ya wawili."

Mama Yunge alitikisa kichwa, mara moja, tena mara ya pili. Midomo yake ilitembea bila sauti, ikiyarudia yale maneno.

"Alikuwa amembeba," alisema.

"Ndiyo. Mpaka mwisho."

"Miaka yote hii nilidhani walipotezana njiani. Nilidhani alikufa akimtafuta dada yake." Alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akamtazama Sikitu kwa macho makavu, ya mtu anayepima kitu kizito kabla ya kukibeba. "Jumatatu nitakuja mahakamani. Utayasema hayo tena, yote, na jaji ayaandike."

"Nitayasema."

"Sitakusamehe."

"Najua, mama."

"Nenda, basi," alisema Mama Yunge, na yeye mwenyewe akageuka, akaanza kushuka shambani, katikati ya panya waliolala chali, akikanyaga popote alipotaka.